Palak Paneer Ni ya Dani Yangu Pia

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo mkiona moto mjue umetoka wapi.

Wiki mbili zilizopita, Jumapili, nilipikia familia palak paneer. Kwa wale hawajui: ni mchuzi mzito wa spinachi iliyopondwa, na ndani yake kuna vipande vya jibini laini ambayo unaweza kujitengenezea kwa maziwa na limau tu. Kule kaskazini mwa India ni chakula cha nyumbani, kitu mama anapika jioni ya kawaida watoto wakifanya homuwaki. Nilipikia kwa jiko la makaa nyuma ya nyumba. Kichungi changu kilikuwa leso ya mathe.

Anko wangu akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, akasema, "Hii ni chakula ya Wahindi. Sisi si Wahindi." Binamu yangu, yule anasoma Nairobi, akaongeza ati hiyo rangi inakaa kitu ng'ombe ameacha njiani. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, ile kicheko ya kuficha aibu.

Dani, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa amekaa kwa kiti chake kando ya mlango. Yeye hakucheka. Akaitisha kijiko, akaonja, akanyamaza kidogo. Halafu akasema:

"Nyakwara, umeunguza saumu. Na hii paneer hukuiosha, bado inanuka limau."

Nyumba nzima kimya. Mathe akageuka polepole. "Mama, wewe umejuaje paneer?"

Hapo ndipo ikatoka. Dani alifanya kazi ya nyumba kwa familia moja ya Kihindi kule Kisumu, miaka 11. Tulijua alifanya kazi Kisumu. Hatukuwahi kuuliza kazi gani hasa, mnajua vile tunasema "alikuwa anafanya kazi kwa Wahindi" halafu stori inaishia hapo. Kumbe alikuwa mpishi. Chapati, dengu, biringanya, wali wa jira, na hii palak paneer kila wiki. Alijua kukata maziwa kwa limau kabla mathe azaliwe.

Lakini hakuwahi kuila mezani. Sahani yake ilikuwa ya bati, ilikaa peke yake chini ya sinki, na chakula chake kilikuwa ugali na sukuma, kwa kibanda cha nyuma. Kuonja chumvi alitia tone moja kwa kiganja. Alisema hivi, nimeandika vile alisema: "Nilikuwa najua utamu wake kwa mkono, si kwa sahani."

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukuwahi kutupikia? Miaka yote hiyo?

Akanijibu, "Kwani ilikuwa ya kwetu?"

Wasee, hiyo ndiyo ilinikasirisha. Hasira si kwa Dani. Ni kwa sisi wote tuliokuwa tumekaa hapo, kwa sababu dakika tano kabla ya hapo anko alikuwa amesema maneno yale yale na tukacheka. "Chakula ya Wahindi." Mwanamke aliyeipika miaka 11 amekaa mlangoni, na sisi tunamwambia tena kwamba si yake.

Kwa hivyo leo tunaongea. Moja baada ya nyingine.

Nianze na binamu kwa sababu yeye ni rahisi. Rangi ya kijani imekuwa tusi tangu lini? Anko wangu ni Mkuria, na kila akivuka Sirari kwenda Tarime lazima atafute kichuri. Kwa wasee wa mbali: kichuri ni mchuzi wa nyama unaotiwa maji ya kijani kutoka tumboni mwa ng'ombe au mbuzi, yale majani ambayo mnyama alikuwa ameshaanza kuyasaga. Ni chungu, ni tamu, mimi mwenyewe nakipenda. Lakini hebu niambieni, mtu anayekunywa majani yaliyopitia tumbo la ng'ombe anaogopaje majani ambayo mimi nimeosha mara tatu kwa maji ya bomba?

Na upande wa mathe, Wajaluo, ndio kabisa hawana la kusema. Dek na osuga ni mboga chungu. Unazifanyaje ziliwe? Unatia maziwa. Unachemsha, unaacha, kesho unapasha na kuongeza maziwa tena, mpaka uchungu unakufa na mboga inakuwa laini, nzito, imeshika ladha ya maziwa. Jirani zetu Wakisii wanafanya hivyo hivyo na chinsaga. Majani ya kijani na maziwa, chungu kimoja. Mpunjabi naye ana majani na ana maziwa, tofauti ni kwamba yeye anayakata maziwa kwanza kwa limau ndio atie. Hiyo ndiyo umbali wote kati ya bakuli ya Dani na bakuli ya Punjab. Ukiniambia palak paneer ni kitu kigeni ambacho mdomo wako hauwezi kuelewa, najua hujaonja, au hujawahi kukaa na nyanya yako.

Sasa tuje kwa anko. "Sisi si Wahindi." Sawa anko. Lakini ile Jumapili ulikula chapati ngapi? Mimi nilihesabu. Nne. Na kachumbari juu. Na chai ya tangawizi baadaye.

Chapati ni jina la Kihindi. Kachumbari pia. Bajia unayonunua stage ukingoja matatu ya Migori, hiyo hiyo. Gari lenyewe, neno "gari" limetoka kwa Wahindi. Gunia la mahindi unalovusha mpakani, "gunia" ni lao. Na hii nayo uiskie vizuri: "pesa" imetoka kwa paisa, sarafu ya India. Kila siku unatuma na kupokea paisa kwa simu, halafu spinachi ndiyo inakutisha.

Hivi vitu havikuanguka kutoka mbinguni. Reli ilianza Mombasa 1896 na ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901. Waliojenga, zaidi ya watu 31,000, waliletwa kwa mkataba kutoka India, wengi wao Punjab. Karibu 2,500 walikufa kwa hiyo kazi. Mkataba ulipoisha wengi walirudi kwao, elfu sita na kitu wakabaki. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara. Allidina Visram, yule tajiri aliyefariki 1916, alifungua maduka kufuata njia hiyo mpaka Uganda. Maduka ya Wahindi yakasambaa kando ya ziwa, mpaka Kendu Bay na Homa Bay. Unga, chumvi, viungo na karai vikapita kwa hizo kaunta.

Watu wetu wakanunua unga, wakaona chapati, wakaipika kwa mkono wao, wakaizidisha mafuta, na leo ukikosa chapati Krismasi ni kama hakuna Krismasi. Hakuna mtu anasema "leo tunakula chakula ya Wahindi". Tunasema leo kuna chapo. Kule Uganda, Idi Amin aliwafukuza Waasia 1972, akawapa siku 90. Watu waliondoka, chapati ikabaki, wakaiviringa na mayai wakaiita rolex, na leo Mganda atakupiga ukimwambia si yake.

Kwa hivyo hatuna shida na kuchukua. Tunachukua kile tumeshazoea, halafu kile hatujazoea tunakifanyia ukabila. Hata ugali! Mahindi yametoka Marekani ya Kusini na ya Kati, yakaletwa pwani na Wareno. Nyanya na pilipili pia zimetoka huko huko, kwa hivyo palak paneer nayo ni mgeni mwenye wageni ndani. Ukitaka kula vitu vya "kwetu" peke yake, weka chini ugali wa mahindi, weka chini nyanya, weka chini chai. Utabaki na wimbi na maziwa lala. Ni tamu, lakini usituchoshe na hotuba.

Na sisi ni watu wa mpaka, manze! Mfukoni tuna shilingi za aina mbili. Tunavuka asubuhi na kurudi jioni. Mchele unatoka upande ule, sabuni inatoka upande huu, shangazi ameolewa huko, mtoto anasoma huku. Watu kama sisi tunasema "hii si ya kwetu" kwa uso gani?

Lakini kuna kitu kigumu hapa na sitakikimbia. Kuna wasee wataniambia: "Sawa, lakini hao Wahindi wenyewe wametubagua miaka yote. Sahani ya bati chini ya sinki, si umesema mwenyewe? Kwa nini nipike chakula cha mtu ambaye hangetaka nikae kwa meza yake?"

Hilo swali ni la haki. Siwezi kukuambia hayo hayakutokea, kwa sababu yalimtokea Dani yangu. Na siwezi kukuambia ni familia moja tu, kwa sababu nyinyi wenyewe mna mashangazi wenye stori kama hii. Wakati huo huo naijua Makindu. Kama umewahi kwenda Mombasa kwa barabara unaijua pia. Pale kuna hekalu la Masingasinga, liko tangu 1926, na msafiri yeyote anaingia, anakaa, anapewa chakula bure. Haulizwi kabila, haulizwi dini. Dengu, chapati, mboga, mnakula pamoja. Na Julai 2017 serikali ilitangaza Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Kwa hivyo ukisema "chakula ya Wahindi" kana kwamba ni ya nje, kwa karatasi ni chakula ya kabila la Kenya, kama ya Mkuria na ya Mjaluo.

Yote mawili ni kweli. Kuna meza iliyomfungia Dani nje, na kuna jiko linalolisha kila mtu anayepita. Mimi sisemi tusahau ile ya kwanza ndio tule. Nasema hivi: ubaguzi ulikuwa kwa kiti na kwa sahani, haukuwa kwa spinachi. Ukikataa chakula kwa sababu ya waliomnyima, nani anaumia? Ile familia hata haijui. Anayeumia ni Dani, kwa sababu miaka 11 ya kazi yake unaitupa na maji ya kuoshea vyombo. Walimlipa mshahara mdogo. Ujuzi ndio ulikuwa malipo makubwa aliyoondoka nayo, na sisi watoto wake ndio tunamwambia aufiche.

Hebu fikiria ni watu wangapi. Zaidi ya miaka mia, kutoka Mombasa mpaka Kisumu, jikoni za Wahindi zimejaa mikono ya watu wetu. Akina mama na akina baba kutoka Nyanza, Western, Ukambani, wamekaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya dhahabu. Ingia leo nyuma ya hoteli ya Kihindi Nairobi uangalie ameshika mwiko ni nani. Mara nyingi ni Otieno au Wafula, na anapika hiyo kitu vizuri kuliko mtu yeyote aliyekaa mbele. Halafu akirudi nyumbani anapika sukuma, kwa sababu ameambiwa ile nyingine ina wenyewe.

Wenyewe ni nani, kama si anayejua saumu ikiungua?

Haya, tuende kwa kisingizio cha tatu, na hiki ndicho nakiskia sana kwa vijana wenzangu: "Hiyo ni ya wadosi." Binamu yangu, yule wa kinyesi cha ng'ombe, nilimkumbusha kwamba mwezi uliopita alikula palak paneer Nairobi kwa bob 950, sahani moja, mkate ukilipiwa kando, na akapiga picha mwanga ukitoka upande wa dirisha. Huko ilikuwa tamu. Ikifika Isebania kwa jiko la makaa imekuwa kinyesi. Kumbe shida haikuwa rangi, shida ilikuwa bei. Alitaka iwe ghali ndio aheshimu.

Hesabu yangu ya ile Jumapili ni hii. Maziwa lita 2, bob 140. Spinachi mafungu manne, 40. Nyanya 20. Vitunguu 20. Limau 20. Saumu na tangawizi 20. Dania na pilipili 10. Viungo vya pakiti ndogo ndogo 30. Mafuta 30. Jumla ni 330, na tulikuwa watu saba. Ni chini ya bob 50 kwa kichwa, unga na makaa kando.

Sitawadanganya, omena na maharagwe bado ni rahisi zaidi. Sisemi upike hii kila siku. Nasema ile siku mnatoa pesa ya nusu kilo ya nyama, ambayo watu saba wanapigania vipande viwili viwili vyenye mfupa, hii inawezekana. Lita moja ya maziwa mazuri inakupa gramu 150 mpaka 200 za paneer, na ndani yake ndiko kumebaki sehemu kubwa ya protini na mafuta ya yale maziwa. Ni chakula cha kushibisha, na hatuhitaji ruhusa ya Nairobi kukila.

Na maziwa tunayo! Hapa ni Kuria, jameni, nchi ya ng'ombe. Mkuria kuogopa jibini ni kama Mjaluo kuogopa samaki. Jioni pale sokoni mara ngapi umeona mama amebaki na jerikani ya maziwa, hana friji, anapunguza bei kila dakika kumi na tano? Hayo ndiyo maziwa ya kununua. Yeye anaenda nyumbani, wewe una paneer.

Mwisho kuna wale wa kusema "bila blenda, bila krimu, bila ile paneer ya supermarket, hiyo si ya ukweli". Hawa ni wenzangu, watu wa kontenti, na ndio wananiudhi kuliko anko. Wanapika jikoni nyeupe kama hospitali, vitu ishirini mezani, halafu wanakuita mpishi wa nyumbani. Msichana wa Form Four anaangalia, anaona hana hata kimoja, anafunga simu.

Niwaambie siri moja. Hiyo spinachi tunauziwa Kenya, ile ya majani makubwa na shina nene jeupe, kwa kweli si spinachi halisi. Ni mmea mwingine, ndugu wa bitiruti. Kwa hivyo hata ile sahani ya bob 950 inawezekana kabisa haikuwa ya "ukweli". Na kule Punjab wenyewe wanapika majani mengi, hata ya haradali. Mchicha unafaa. Changanya na managu kidogo uone. Hakuna askari wa spinachi.

Sasa hivi ndivyo Dani alinifundisha, Jumapili iliyofuata, akiwa amekaa kwa kiti chake na kunyoosha kidole.

Maziwa yawe freshi, ya ng'ombe, si ya pakiti ya kukaa miezi, hayo mara nyingi hayashikani vizuri. Chemsha lita 2 ukikoroga chini yasishike. Kabla hujatia kitu, toa utandu wa juu uweke kando, hiyo ndiyo krimu yako. Yakishachemka punguza moto, tia maji ya limau kijiko kimoja kimoja, koroga pole pole. Utaona yanakatika, mabonge meupe na maji ya kijani kibichi hafifu. Maji yakishakuwa hayana weupe, acha limau. Ukizidisha, paneer inakuwa ngumu na chachu. Na kama muuzaji aliongeza maji kwa maziwa, hapa ndipo atajulikana, mabonge yatakuwa machache. Paneer haidanganywi.

Mwaga kwa leso safi juu ya sufuria nyingine. Osha kwa maji baridi, hapo ndipo mimi nilikosea. Kamua, funga, weka juu ya sinia, kandamiza kwa kitu kizito, sufuria ya maji inatosha, kama dakika 40. Kata vipande. Yale maji yaliyobaki usimwage, kandia chapati. Na kama huna friji, kula siku hiyo hiyo, usijaribu kuwa shujaa.

Spinachi: toa mashina mazito, osha vizuri, tumbukiza kwa maji yanayochemka dakika mbili, toa, tia kwa maji baridi ibaki na rangi yake. Huna blenda? Ponda kwa kinu, au katakata kwa kisu mpaka mkono uchoke. Dani anasema blenda inaifanya kama uji wa mtoto na yeye hapendi.

Kaanga jira kidogo kwa mafuta, tia vitunguu, ngoja. Ngoja kweli. Vikianza kuwa rangi ya dhahabu ndio unatia tangawizi na saumu, sekunde chache tu, usiende kujibu simu. Nyanya, manjano, dania ya unga, pilipili, chumvi. Nyanya zipikwe mpaka uone mafuta yamejitenga kando. Sasa tia spinachi, acha sufuria wazi, dakika tano. Tia paneer, tia ule utandu wa maziwa, dakika mbili tatu, toa. Kwa chapati ni tamu. Kwa ugali wa wimbi pia ni tamu, na hiyo hamtaipata kwa hoteli yoyote ya bob 950.

Hiyo ndiyo yote. Hakuna uchawi ndani.

Anko hakuja hiyo Jumapili ya pili. Sawa, tutamngoja. Binamu alikuja, akala, akarudia, hakusema kitu kuhusu ng'ombe. Lakini mimi nilikuwa naangalia Dani. Mathe alitoa zile sahani za kabati, za wageni, za maua. Dani akaletewa ya kwanza. Akavuta kiti mpaka mezani, kwa magoti yake yale mabaya, akakataa kusaidiwa. Akamega chapati. Tulikuwa tumenyamaza wote kama watu wanangoja matokeo ya mtihani.

Akala robo hivi kabla ya kuongea. "Chumvi imepungua," akasema. Halafu akajicheka. "Kwa kiganja ilikuwa imetosha."

Nimefikiria hiyo siku zote hizi. Ana zaidi ya miaka sabini, na ndio ameanza kujua chakula chake kikiwa kimejaa sahani kinahitaji chumvi kiasi gani.

Kwa hivyo, wasee, kazi ya wiki hii. Pika kama unaweza. Lakini kabla ya kupika, uliza nyumbani. Uliza nyanya yako, shangazi, baba aliyewahi kufanya kazi mjini: ulipika nini kwa watu? Si "ulifanya kazi kwa nani", hiyo tunaijua. Ulipika nini? Ulijua kupika nini ambacho hujawahi kutupikia? Inawezekana kabisa kuna mpishi mkubwa amekaa mlangoni kwenu sasa hivi, anakula ugali na kunyamaza, kwa sababu siku moja mtu alimwambia si ya kwake na sisi tukakubali.

Mvutieni kiti mezani. Na mkifanya paneer, oshani limau itoke. Dani anaonja.